Msambwa Ina Matawi Mangapi?

Desemba iliyopita binamu yangu alishuka matatu Kitale akitokea Nairobi. Mkobani alikuwa na mishumaa sita, kadi za tarot, na swali ambalo alisema linamnyima usingizi: yeye ni Wicca wa tawi gani?

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Ana miaka 22. Alianza kama wengi wetu tunavyoanza mambo siku hizi, kwa video ya simu saa nane usiku. Msichana wa Marekani anawasha mshumaa, anashukuru mwezi, anaongea polepole kuhusu ardhi na waliotutangulia. Video moja ikaleta nyingine. Sasa amefika mahali watu wanaulizana umetoka tawi gani, nani alikuingiza, na yeye hana jibu.

"Si wewe ndiye msomaji wa historia," akaniambia. "Nichoree basi."

Jioni ile tulikuwa nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi na kukhu, nyanya yetu. Nikafuta mikono, nikatoa daftari, nikaanza kuchora mti.

Shinani niliandika Gerald Gardner. Mwingereza, alizaliwa 1884, akafanya kazi ya forodha Malaya wakati Malaya ilikuwa chini ya Waingereza, akastaafu 1936 na kurudi kwao. Alidai kwamba mwaka 1939, katika eneo la New Forest kusini mwa Uingereza, alipokewa katika kikundi cha siri kilichofuata dini ya kale iliyokuwepo kabla ya Ukristo. Mwaka 1954 akatoa kitabu, Witchcraft Today, akaiambia dunia kwamba wachawi wapo na yeye ni mmoja wao. Kutoka kwake likatoka tawi la kwanza, linaloitwa kwa jina lake. Lina ngazi tatu, na huwezi kujiingiza mwenyewe. Lazima upokewe na mtu aliyepokewa na mtu aliyepokewa, mpaka mnyororo ufike kwa Gardner.

Tawi la pili lilikuja miaka ya 1960 kupitia Alex Sanders wa Manchester na mkewe Maxine. Sanders alipenda kamera, magazeti yakamwita mfalme wa wachawi. Ibada zake zilifanana sana na za Gardner, na watu wanabishana hadi leo alizipata wapi. Raymond Buckland naye alibeba tawi la Gardner hadi Marekani miaka hiyohiyo ya 1960, kisha muongo uliofuata akaanzisha lake, akalipa sura ya Wasaksoni wa kale. Huko Los Angeles, mwaka 1971, Zsuzsanna Budapest, mwanamke mzaliwa wa Hungaria, akaanzisha tawi la wanawake watupu, linaloitwa kwa jina la mungu mke Diana. Mwaka 1979 Starhawk wa San Francisco akachapisha The Spiral Dance, na kwa wafuasi wake ibada ikaandamana na siasa: mazingira, amani, haki za wanawake. Halafu mwaka 1988 Scott Cunningham akaandika kitabu cha mwongozo kwa mtu anayetaka kufanya ibada peke yake, bila kikundi, bila kupokewa na yeyote.

"Hilo ndilo langu," binamu akasema. "La peke yangu."

Nikamwambia asifurahi haraka, maana kuna watu wa tawi la kwanza ambao hawatamhesabu kabisa. Nikamsimulia pia habari za Doreen Valiente. Aliingia kwa Gardner mwaka 1953, akaandika sehemu kubwa ya maneno ya ibada ambayo wengi wanadhani ni ya karne na karne. Mwaka 1957 yeye na wenzake walichoka na Gardner kukimbilia magazeti. Walipomtaka aweke utaratibu, Gardner akatoa sheria alizosema ni za kale, na moja ikasema kuhani wa kike akizeeka ampishe aliye kijana. Valiente akaona hizo sheria hazina ukale wowote. Akaondoka.

Na hilo ndilo jambo la mwisho nililomwambia. Mwanahistoria Ronald Hutton, katika kitabu chake cha 1999, The Triumph of the Moon, alifuatilia mnyororo huo nyuma hadi ulipokatika. Wicca kama tunavyoijua ni dini ya karne ya 20. Waliioka kwa unga wa zamani, lakini mkate ni wa juzi.

Kukhu alikuwa kimya muda huo wote, vidole vyake vikienda kwenye gunzi kama mashine. Akauliza, "Mnachora nini?"

Binamu akamweleza vizuri tu. Ni dini, kukhu. Ya huko Uingereza. Wanaheshimu ardhi, wanafuata mwezi na majira, wanakumbuka wa kale.

Kukhu akafikiria. Akaweka gunzi chini.

"Na serikali inawaruhusu?"

*

Mimi ndilo swali lililoninyima usingizi. Mzee wa miaka themanini anasikia habari za dini ngeni, na jambo la kwanza analotaka kujua si kama wanamwamini Mungu, wala wanasali siku gani. Anataka kujua kama watakamatwa.

Ukiwa wa Bungoma au Trans Nzoia, jibu unalo tayari. Sisi pia tulikuwa na dini iliyosema turudi kwa wa kale. Ukiiweka kando ya Wicca utaona ni za rika moja, bakoki kama tunavyosema kwa Kibukusu. Gardner anasema alipokewa 1939. Dini ya Msambwa ilianza kusikika Kimilili mapema miaka ya 1940. Zote mbili zilitokea watu walipoona kanisa limewapokonya kitu. Zote zilidai ukale, na zote zikamea matawi.

Tofauti kubwa ni serikali ilifanya nini.

Uingereza ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Bunge lao likaifuta mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye Gardner akatoa kitabu chake dukani. Lakini Waingereza haohao walikuwa wametutungia sisi sheria ya uchawi mwaka 1925. Ile ya kwao waliifuta. Yetu ikabaki, ikavuka uhuru, ikapewa namba kwenye vitabu vya sheria za Kenya: Sura ya 67. Msambwa haikupigwa marufuku kwa sheria hiyo; ilipigwa marufuku kama chama haramu, mwaka 1948. Hata hivyo hewa ilikuwa ileile. Ibada ya Mwafrika kwa mababu zake, machoni pa DC, ilikuwa uchawi, au uasi, au wazimu. Masinde alibandikwa yote matatu.

*

Hapa lazima nisimame kidogo, maana najua unawaza Masinde Muliro. La. Yule ni mwanasiasa, mwenye chuo kikuu Kakamega na ile bustani ambayo kila Mkenya ana utani wake kuihusu. Huyu ni Elijah Masinde, wa Maeni, Kimilili. Kabla ya kuwa nabii alikuwa mchezaji mpira aliyejulikana, kisha akafanya kazi ya kupeleka hati za mahakama ya wenyeji. Alikuwa Mkristo wa Friends, wale Quaker waliofika Kaimosi mwaka 1902 na kusambaa kaskazini hadi kwetu. Alipooa mke wa pili, wakamtenga.

Kisa hicho cha mke wa pili watu hukisimulia kwa kicheko. Ukikitazama vizuri, ni kisa cha watu wengi. Misheni ilisema ukitaka Mungu, acha wake, acha pombe ya kuwamwagia wazee waliokufa, acha sadaka, acha ngoma. Msambwa ikajibu kwamba Mungu, Wele, alikuwa hapa kabla ya misheni. Jina lenyewe linatokana na misambwa, roho za mababu pamoja na desturi walizotuachia. Masinde na wenzake, wakiwemo Joash Walumoli na Benjamin Wekuwa, hawakutupa kila kitu walichojifunza kanisani. Walibaki na Agano la Kale, ambamo Abrahamu ana wake na sadaka. Walibaki na jina Sayoni, wakalipeleka kwenye mlima ambao ramani inauita Elgon na sisi tunauita Masaba.

Na kama ilivyokuwa kwa Sayoni ya kwenye Biblia, imani hii ilihusu pia ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi wa zamani wa Uingereza. Kitale ikawa mji wao, na reli ikafika katikati ya miaka ya 1920. Wabukusu wakaingia kwenye mashamba hayo kama maskwota: unaruhusiwa kipande cha kulima na kulisha ng'ombe wachache, na wewe unalipa kwa siku zako za kazi. Halafu serikali ikaanza kupunguza ng'ombe, kuamuru watu wang'oe magugu, na wakati wa Vita vya Pili ikatafuta vijana wa kazi. Mwaka 1944 Masinde alisema hapana, akawaambia wengine waseme hapana.

Mwaka 1945 walimpeleka Mathari, Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Weka hilo kando ya Gardner. Mzee mmoja Mwingereza anasema anaabudu mungu mke uchi msituni, magazeti yanamhoji. Mbukusu mmoja anasema ardhi ni ya babu zake na Mungu ni wake pia, daktari anaitwa.

Alitoka 1947. Mwaka huohuo akaongoza maelfu ya watu kupanda Chetambe, kilima kilicho juu ya Webuye. Ukipita barabara ya Eldoret kwenda Malaba unakiona, na pengine hujawahi kukiuliza chochote. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia huko nyuma ya ukuta wa udongo na handaki, wakapigwa na jeshi lililoongozwa na Charles Hobley, Mwingereza, pamoja na askari wa Kisudani na washirika wa Kiafrika. Wengi walikufa. Watu wa Masinde walipanda kutoa sadaka kwa wafu hao, miaka 52 baadaye, wakati waliokuwa watoto siku ile walikuwa bado hai. Nikisoma kuhusu Wicca na hamu yao ya kuunganishwa na wa kale, ninawaelewa. Lakini Chetambe hapakuhitajika mtu wa kufufua kitu kilichosahaulika. Mifupa ilikuwa ya wajomba wa mtu.

Februari 1948, Malakisi, polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi. Watu 11 wakafa. Mwezi huohuo Masinde akakamatwa, akapelekwa uhamishoni, Lamu, mbali na mlima wake kadiri Kenya inavyoruhusu. Alirudi tu uhuru ulipokaribia.

*

Sasa matawi.

Matawi ya Wicca yalitokana na ubishi. Nani alimpokea nani, wanaume waingie au wasiingie, tuongee na magazeti au tusiongee. Waliobishana waliandika vitabu, ndiyo maana mimi niliye Kitale naweza kuyachora kwa dakika kumi. Matawi ya Msambwa yalitokana na pingu. Kila kiongozi alipoondolewa, waliobaki walilazimika kuamua wenyewe dini yao ni nini, kila kundi mahali lilipo, bila barua, bila mkutano.

Kuna tawi la nyumbani, Kimilili na Bungoma yote, lililobaki karibu na ukoo wa Masinde, makaburi ya wazee na kumbukumbu za Chetambe.

Kuna tawi la mashamba, hapa Trans Nzoia. Maskwota hawakuwa na makaburi ya ukoo karibu. Walikuwa na kambi ya wafanyakazi, kengele ya asubuhi, na mlima. Kwao ahadi ya kwamba mzungu ataondoka haikuwa ya mbinguni; alikuwa anaishi mita mia tatu kutoka hapo, kwenye nyumba yenye bati jekundu. Miaka hiyo nyumba na nyasi za walowezi zilikuwa zikiungua, na kila moto uliwekwa kwenye hesabu ya Msambwa, uwe wake au usiwe.

Kuna tawi lililovuka mpaka, upande wa pili wa Masaba, kwa Wagisu wa Uganda. Ni ndugu wa Wabukusu kwa lugha na kwa tohara, na mpaka kwao ni mstari ambao wazungu walipitisha mlimani bila kuwauliza.

Na kuna tawi la Wapokot, ambalo ndilo linaloniumiza zaidi. Lukas Pkiech, kijana wa Kipokot aliyewahi kwenda shule, aliipokea Msambwa kutoka upande wa Wabukusu, akawapelekea watu wake. Fikiria safari hiyo. Dini inayozungumza habari za Wele na mababu wa Bukusu inafika kwa watu wanaomwita Mungu Tororot, wafugaji, wenye lugha isiyo na uhusiano wowote na Kibukusu. Mtu angetarajia ife njiani. Badala yake ilibadilika, ikawa yao, na nabii wake akawa Pkiech, si Masinde. Pkiech alifungwa, akatoroka. Tarehe 24 Aprili 1950, mahali panapoitwa Kolloa, Baringo, yeye na mamia ya wafuasi wake walikutana na kikosi cha serikali. Wazungu watatu na askari mmoja Mwafrika waliuawa. Upande wa Wapokot walikufa zaidi ya ishirini, Pkiech akiwa mmoja wao. Kisha jamii nzima ikatozwa faini ya mifugo.

Ninajua majina ya wale wazungu watatu. Yameandikwa. Ya Wapokot, ukiondoa la Pkiech, nimeyatafuta kwenye vitabu nilivyonavyo na sikuyapata.

Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu mti wetu. Mti wa Wicca umechorwa na Wicca wenyewe, pamoja na ugomvi wao na uongo wao. Valiente aliandika, Sanders aliandikiwa, Starhawk aliandika. Mti wa Msambwa umechorwa kwa sehemu kubwa na waliokuwa wanaukata. Ripoti ya DC, hati ya mashtaka, orodha ya waliokamatwa. Mwanazuoni Audrey Wipper alipoandika Rural Rebels mwaka 1977, kitabu ambacho kila anayetaka kuijua Msambwa lazima akipitie, makaratasi mengi aliyokuwa nayo yalikuwa ya namna hiyo. Polisi hawaandiki ibada ilikuwa tamu namna gani. Wanaandika walikuwa wangapi na walishika nini mkononi. Kwa hiyo tunajua Msambwa ilipigana wapi, na hatujui iliimba vipi.

*

Ungedhani uhuru ulimaliza mambo. Masinde alirudi, bendera ikapandishwa, na kwa muda mfupi watu wakasali mchana. Lakini nabii aliyezoea kuiambia serikali hapana hakuona sababu ya kubadilika kwa kuwa serikali imebadilika rangi. Mwaka 1968 serikali ya Jomo Kenyatta ikaipiga Msambwa marufuku tena.

Kumbuka Kenyatta mwenyewe alishtakiwa wapi. Kapenguria, si mbali sana ukitoka hapa Kitale kwenda kaskazini, kuanzia Desemba 1952. Shtaka lake lilikuwa kuongoza chama haramu, Mau Mau. Miaka kumi na sita baadaye akiwa Ikulu, dola yake ikatumia maneno yaleyale, chama haramu, kwa majirani wa chumba kile cha mahakama. Masinde aliingia na kutoka jela mara nyingi miaka iliyofuata. Alifariki 1987.

Mwaka wa marufuku ya pili kukhu alikuwa tayari mama wa watoto wawili. Sikuwahi kufanya hesabu hiyo. Nilikuwa nimeiweka Msambwa kwenye historia ya darasani, pamoja na Mekatilili na Maji Maji, mambo ya wazungu na picha zisizo na rangi. Lakini marufuku iliyomfundisha nyanya yangu kuuliza "serikali inawaruhusu?" ilitolewa na serikali ya Mkenya mwenzake.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Binamu yangu anaweza kuwasha mishumaa yake sita. Vikundi vya Msambwa vilivyobaki Bungoma na Trans Nzoia vinaweza kusali. Kwenye karatasi tumefika. Ila kuna neno moja ambalo katiba haiwezi kulisafisha. Gardner alichukua neno mchawi akalivaa kama koti, na kwao leo ni koti la kununua dukani. Huku neno hilo halivaliwi, unavalishwa. Mei 2008, Kisii, watu 11 walioitwa wachawi, wengi wao wazee, waliuawa na kuchomewa nyumba. Sheria ileile ya 1925 inasema kumwita mtu mchawi ni kosa, na bado haikuwaokoa. Kwa Kibukusu omulosi ni mtu anayedhuru watu usiku. Mtu wa Msambwa angekutazama vibaya sana ukimwita hivyo, maana misambwa ndiyo iliyokuwa kinga yake dhidi ya balosi. Misheni na serikali ziliviweka vyote kwenye gunia moja, na sisi wajukuu tukalipokea gunia bila kulifungua.

Ndiyo maana nilimwambia binamu awe mwangalifu na neno lake jipya. Nairobi, kwenye fleti, na marafiki zake, sawa. Kijijini, mbele ya jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, asilitamke hata kwa mzaha. Halitamrudia yeye. Yeye atapanda matatu jioni. Litambaki kukhu.

*

Kesho yake asubuhi nilimwonyesha kukhu ukurasa mwingine wa daftari. Nilikuwa nimechora mti wa pili. Shinani Kimilili, kisha Bungoma, Trans Nzoia, Bugisu, Pokot. Nikamsomea, maana miwani yake ilikuwa imevunjika mguu tangu Oktoba.

Alinyamaza. Akainuka, akaenda kufunga mlango wa jikoni. Tulikuwa watatu tu katika boma lile, na jirani wa karibu ni shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Bado aliufunga.

Akasema baba yake alifanya kazi kwa mzungu, upande wa Endebess. Jumapili walikwenda kanisani kama kila mtu, kwa sababu mzungu aliuliza nani hakwenda. Usiku mwingine, si kila usiku, wanaume walitoka. Mama yake aliwaambia watoto kwamba baba ameenda kutafuta ng'ombe aliyepotea. Yeye alikuwa mdogo lakini alijua hesabu ya ng'ombe, na ng'ombe wote walikuwepo. Mara moja alimfuata hadi mwisho wa kambi. Aliwaona wamesimama wametazama mlima, kofia mkononi. Hawakuwa wakipiga kelele. Kuna kitu walikuwa wakiimba, chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Uliwahi kumuuliza?" binamu akasema.

"Nimuulize nini? Angesema ng'ombe."

Halafu 1968, wakati huo yeye akiwa na watoto wake, babake alimwambia akiulizwa na yeyote aseme wao ni watu wa Friends. Kwa hiyo wakawa watu wa Friends. Ndiyo maana mimi nilibatizwa, akasema, na akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Nikamuuliza kama anakumbuka ule wimbo. Akasema sauti anaikumbuka, maneno hapana. Binamu akachukua simu, akafungua kinasa sauti, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe vya chai. Kukhu aliitazama ile simu kwa muda mrefu. Akauliza nani atasikia.

"Sisi tu," nikasema.

Akafunga macho. Sauti ilikuwa fupi, pengine nusu dakika, ikipanda na kushuka mahali pamoja, kisha ikakatika katikati kwa sababu hapo ndipo alipokuwa amegeuka kukimbia nyumbani kabla baba yake hajamwona.

Kwenye daftari, chini ya tawi la Trans Nzoia, nimeandika Endebess. Jina la babu mkuu nimeliacha kwanza, mpaka kukhu aseme naweza kuliandika.